Osimhen: mbona Ulaya ilimchelewa baada ya U-17 ya 2015?

Winga7: Wadau, mshambuliaji wa Nigeria Victor Osimhen alifunga mabao 10 Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 (U-17) kule Chile, akabeba kiatu cha dhahabu na kombe juu. Mbona Wolfsburg ya Ujerumani walimpata Januari 2017, na bado hakufunga hata bao moja la ligi?

KiungoMkabaji: Umri tu. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, na misamaha iliyopo haimhusu kijana anayetoka Lagos kufuata mpira. Kazaliwa 29 Desemba 1998, piga hesabu mwenyewe: katimiza 18, dirisha dogo hilo hapo.

NambaTisa: Wolfsburg alimkuta mshambuliaji mzoefu Mario Gomez, na timu ilinusurika kushuka kwa mechi za mchujo 2017 na 2018. Kocha mwenye presha hiyo hajaribu watoto! Bega nalo likaumia. Halafu malaria, klabu mbili za Ubelgiji zikamkataa, Charleroi wa huko huko wakamchukua kwa mkopo 2018. Alipopewa dakika, mabao 20 msimu mmoja. Mechi yake ya kwanza Lille ya Ufaransa, Agosti 2019, akawafunga Nantes mabao mawili.

Winga7: Na akademi iliyomlea inapata chochote?

KiungoMkabaji: Fungu la mshikamano la FIFA, 5% ya ada kwa klabu zilizomlea anapouzwa nje akiwa ndani ya mkataba. Mgao ni 0.25% kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, na 0.5% kuanzia 16 hadi 23. Akademi nyingi hulikosa kizembe: kijana hakusajiliwa kwenye shirikisho, pasipoti yake ya mchezaji (rekodi ya klabu alizosajiliwa) inatoka na mapengo.