Peugeot 504 ya marehemu baba: tufungue injini yake, tuweke ya Toyota, au tuipumzishe?

Mwana wa Wanale, Mbale

Ndugu zangu, nawasalimu. Marehemu baba alituachia Peugeot 504 ya saluni (gari la kawaida lenye buti nyuma), ya petroli, ambayo ndiyo iliyotupeleka shuleni, hospitalini na matangani tangu mimi nikiwa mtoto wa kubebwa, na mama hataki kusikia habari ya kuiuza. Kwa miezi minne sasa injini inachemsha kila tunapopanda kwenda Kapchorwa. Tukifika Sipi mshale wa joto umekwisha kulala upande wa mwisho, na tukifungua kifuniko cha oili tunakuta chini yake utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa.

Mafundi wa hapa wamegawanyika. Mmoja anasema injini ifunguliwe yote, iwekwe pistoni na slivu mpya, yaani mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka. Mwingine anasema nisipoteze fedha, bali nitafute injini ya Toyota pamoja na giaboksi yake, kwa kuwa spea za Toyota zinapatikana hata kijijini. Wa tatu anashauri niiegeshe chini ya paa, ninunue gari dogo la kazi za kila siku, na hii niiguse pole pole kadiri ya uwezo.

Kuna jambo la pili. Kadi ya usajili inasema gari ni la 1974, lakini baba alikuwa akisisitiza kwamba ni miongoni mwa zile za mwanzo kabisa zilizotengenezwa. Nawezaje kujua ukweli, na je, ukweli huo unabadilisha uchaguzi wangu wa njia?

Fundi wa Ndeeba, Kampala

Pole sana kwa kufiwa na mzee. Nimezifungua injini hizi kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaeleza kirefu kidogo.

Injini ya 504 ya petroli ina bloku la chuma cha kusubu na kichwa cha aluminiamu. Ndani ya bloku mna slivu nne za kutoa na kuweka, na maji ya radieta yanazizunguka moja kwa moja. Huo ni uzuri mkubwa kwa mtu mwenye gari kuukuu, kwa sababu slivu ikilika hatulazimiki kupeleka bloku kwenye mashine likachimbwe upya, bali tunaing'oa slivu tu na kuweka nyingine pamoja na pistoni yake. Hatari imelala hapo hapo. Chini ya kila slivu kuna gasketi nyembamba, na fundi akinyanyua kichwa kisha akazungusha krenki, ile shafti inayosukuma pistoni, bila kuzibana slivu kwa vyuma, slivu zinapanda, gasketi zinahama, na maji yanateremkia kwenye sampu ya oili. Nimeletewa magari yaliyofunguliwa kwa sababu ya gasketi ya juu peke yake, yakarudi kwa mwenyewe na ugonjwa mbaya zaidi ya ule yaliyokwenda nao. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza fundi wako ni hili: utazibana slivu kwa kutumia kitu gani? Akisita, mshukuru na uondoke.

Kabla ya kufungua chochote, pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nne. Iliyo chini itilie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, kisha upime tena. Ikipanda, ringi au slivu zimechoka. Isipopanda, angalia valvu au gasketi ya kichwa. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, mara nyingi gasketi imeungua kati yao.

Tena, kabla ya kulaumu injini, angalia feni. Feni ya 504 inashikwa na sumaku ya umeme: swichi ya joto ikikubali, sumaku inaivuta feni izunguke pamoja na puli; injini ikipoa, inaiachia. Umeme unafika kwenye sumaku kupitia kaboni ndogo, isiyozidi ncha ya kidole cha mwisho. Kaboni ikiisha, feni inazungushwa na upepo tu, na mlimani hakuna upepo wa kutosha. Watu wamenunua radieta mpya kwa sababu ya kaboni hiyo.

Kuhusu injini ya Toyota, mimi sikushauri, na sababu yangu iko chini ya gari. Propela shafti ya 504, ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma, haiko wazi kama ya Toyota Hiace. Imo ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwenye giaboksi kwa mbele na kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, kwa nyuma, na bomba hilo ndilo linaloizuia difu isijipinde gari linapoondoka au linapofunga breki. Ukiondoa giaboksi ya Peugeot umelipokonya bomba mahali pa kushika, na kuanzia hapo kila kitu ni kukata na kuchomea.

Mwalimu wa Kabarole, Fort Portal

Nimesoma maelezo ya Fundi kwa makini kwa sababu mimi ndimi niliyekata na kuchomea. Gari langu lilikuwa saluni kama lako. Niliweka injini ya Toyota, aina ya 3Y, iliyotoka kwenye Hiace, pamoja na giaboksi yake, na nitasema yaliyo mema na yaliyo mabaya.

Mema ni kwamba tangu siku hiyo sijawahi kulala njiani kwa kukosa spea. Plagi, gasketi na pampu ya maji ninazipata hapa hapa mjini, na kijana yeyote wa gereji anaijua injini ile. Mtu anayelihitaji gari kila asubuhi asilidharau jambo hilo.

Mabaya yalianza na boneti. Injini ya Peugeot imelazwa ubavu kwa nyuzi 45, na ndiyo maana boneti iko chini. Ile ya Toyota inasimama wima, hivyo ilitubidi kuishusha, na kufika kwenye barabara ya marramu sampu ikawa inapigwa na mawe. Kisha bomba lile likakatwa, na difu ikashikiliwa na fremu ya vyuma iliyochomewa. Gari likifika mwendo wa kilomita 70 kwa saa hutetemeka sakafuni mpaka mwanafunzi aliyekaa nyuma hawezi kuandika. Nimesawazisha shafti mara mbili bila mafanikio. Zaidi ya hayo, namba ya injini haikulingana tena na kadi, na kulirekebisha jambo hilo kulinichukua muda kuliko kazi ya gereji.

Kwa kifupi, gari langu linatembea, lakini si 504 tena kwa namna linavyokwenda. Ule ulaini wake kwenye mashimo ulibaki nusu.

Binti Kakira, Jinja

Ndugu Mwana wa Wanale, mimi nitajibu swali lako la pili, kwa kuwa linalitangulia la kwanza.

504 ilionyeshwa Paris mwezi Septemba 1968. Ilikuwa imepangwa kuonyeshwa kwa waandishi wa habari mwezi Juni, lakini migomo iliyoitikisa Ufaransa kuanzia Mei mwaka ule ilichelewesha onyesho pamoja na utengenezaji wenyewe, hivyo magari ya 1968 ni machache kwa asili. Magari ya mwanzo yote yalikuwa saluni. Gari la kubebea familia, lile refu lenye viti vya safu tatu, lilikuja 1971. Kwa hiyo mtu akikuambia ana 504 ndefu ya 1969, kadi yake ina kosa au bodi imebadilishwa.

Kwa saluni, anza na kipenyo cha silinda. Injini ya mwanzo ilikuwa ya sentimita za ujazo 1796, yenye kipenyo cha milimita 84 na mwendo wa pistoni wa milimita 81. Iliyofuata, ya sentimita za ujazo 1971, ina kipenyo cha milimita 88 na mwendo ule ule. Watu wengi huchanganya namba hiyo ya ujazo na mwaka 1971. Wakiiona imeandikwa mahali, hudhani wameambiwa umri wa gari.

Hata hivyo ukipata milimita 84 usishangilie mara moja. Mwaka 1973 Peugeot walitoa 504 L, gari la bei nafuu lililorudishiwa injini ya 1796. Tofauti iko nyuma: L ina ekseli moja ngumu na breki za ngoma, ilhali saluni za mwanzo zina magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja peke yake, shafti fupi mbili zinazotoka kwenye difu, na breki za diski pande zote nne. Kwa hiyo, injini ya 1796 pamoja na diski za nyuma ndiyo ushahidi unaoutafuta. Vishikio vya milango vilivyochomoza, visivyolala ndani ya bati, ni alama nyingine ya umri. Mti wa gia ulio kwenye usukani nao ni alama, ila usiutegemee peke yake.

Kadi ya 1974 isikukatishe tamaa. Mwaka uliomo kwenye kadi zetu mara nyingi ni ule wa kusajiliwa, wala si wa kutoka kiwandani. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 magari mengi yalibadilisha mikono bila karatasi, na yaliposajiliwa upya yaliandikwa mwaka uliokuwa mbele ya karani. Katika ukoo wetu tulikuwa na gari la namna hiyo.

Inua boneti, tafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati la ubavuni, na ile ya kibao kilichopigiliwa. Zilinganishe. Usikwangue kwa brashi ya waya. Pangusa kwa mafuta ya taa, weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli iliyolazwa, na tarakimu zitajitokeza hata zile zilizofifia. Kisha uandikie jumuiya ya L'Aventure Peugeot huko Sochaux, yenye jumba la makumbusho lililofunguliwa 1988. Wao hutoa cheti cha tarehe kwa kufuata namba hiyo.

Dereva Mstaafu, Tororo

Nimeendesha 404 na 504 kwa miaka mingi kati ya Malaba na Kampala, na naomba nimtetee yule fundi wa tatu, ambaye naona hakuna aliyemsikiliza. Kuiegesha si kuitupa, ila lazima ifanywe kwa utaratibu. Gari likisimama na maji matupu ndani ya injini, kichwa cha aluminiamu kinaliwa na kutu nyeupe mpaka njia za maji zinabaki kama mkate uliotafunwa na panya. Ukichagua njia hiyo, weka dawa ya radieta badala ya maji ya kisima, pandisha gari juu ya magogo, na uzungushe injini kwa mkono kila mwezi, baada ya kutia oili kidogo katika kila silinda. Wengi huegesha kwa nia njema, na mwaka wa tatu kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Kwa Binti Kakira nina neno moja. Unasema habari za tarehe zitangulie matengenezo, lakini mama yake ndugu huyu anataka kupelekwa kanisani Jumapili hii, si kupokea cheti kutoka Ufaransa. Kwangu mimi 504 ilijipatia heshima barabarani. Ove Andersson alishinda Safari Rally na gari hili mwaka 1975 kwa sababu lilivumilia matope na mawe, na hakuna aliyemuuliza tarehe ya kiwandani.

Binti Kakira, Jinja

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini tarehe hapa ni suala la spea. Slivu na pistoni nyingi zitakazotolewa dukani ni za milimita 88. Asipojua ana injini gani, atalipia seti isiyoingia katika bloku lake. Na tukumbuke kwamba tangu 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Bodi za 504 zilizopo hapa ndizo zilizobaki, na tukiikata moja hatuna pa kuagiza nyingine.

Fundi wa Ndeeba, Kampala

Anachosema Binti Kakira juu ya seti ni kweli tupu. Nenda kwenye soko la spea la Kisekka, hapa Kampala, ukiwa na pistoni ya zamani mkononi na kipimo mfukoni. Usitaje jina la gari peke yake.

Mwana wa Wanale, Mbale

Nimerudi baada ya wiki tatu, na nawashukuru kila mmoja.

Kompresheni ya silinda ya pili na ya tatu ilikuwa chini kwa pamoja, na oili haikuipandisha. Tulipofungua tulikuta gasketi ya kichwa imeungua kati ya hizo mbili, alama nyeusi yenye upana wa unyasi. Fundi alizibana slivu zote nne kwa boliti na vipande vya bomba kabla hajagusa krenki. Kaboni ya feni ilikuwa imeisha kabisa, imebaki springi inayokwaruza shaba.

Kipenyo ni milimita 84 na ulaji kidogo juu. Nyuma kuna diski na shafti fupi mbili. Vishikio vya milango vimechomoza, na gia iko kwenye usukani. Namba ya chesisi imesomeka yote kwa karatasi na penseli, nayo inalingana na ya kibao. Mama aliposhika karatasi ile aliniambia kwamba baba alilinunua mwaka 1974 kutoka kwa daktari aliyekuwa amelitumia miaka kadhaa, jambo ambalo sikuwahi kuambiwa. Barua kwenda Sochaux imekwisha kuondoka.

Nimechagua kufungua injini yake na kuirudisha kama ilivyokuwa. Kichwa kimepelekwa Kampala kusawazishwa uso wake, na slivu zimepimwa: mbili bado ni nzima, mbili zina mikwaruzo inayoshika ukucha, kwa hiyo nitabadilisha zote nne. Ninachokosa ni seti ya slivu na pistoni za milimita 84 pamoja na gasketi zake za chini, maana nimezunguka maduka manane na kila mahali wana za 88. Aliye nayo, au anayemjua aliye nayo, hata akiwa Kenya, naomba aniandikie hapa.