Mdogo wangu anataka kuwekwa wakfu lakini hataki usista. Naombeni ushauri

Wakuu, habari. Mdogo wangu wa kike ana kazi yake nzuri, na wachumba waliokuja amewakataa wote. Anasema atabaki bikira kwa ajili ya Kristo, ila shirika la masista hataki. Anataka yeye na wenzake wenye nia hiyo wapange nyumba moja, wasali na kufanya kazi. Mama amewaka: ama aolewe, ama aende kwa masista! Binti anajitetea kwamba Wakristo wa kwanza waliishi hivyo. Ni kweli? Na mimi kaka yake nisimame wapi bila kumvunjia mama heshima?

Katekista Mstaafu:
Ni kweli, ndugu yangu. Matendo 21:9 inawataja binti wanne wa Filipo, mabikira waliotabiri. Kabla ya monasteri kuenea, mabikira wengi waliishi majumbani kwao. Mt. Sipriani, askofu wa Karthago kule Afrika Kaskazini, katikati ya karne ya 3, aliwaonya wale wenye mali wasijipambe kwa anasa. Karne iliyofuata Marcellina, dada yake Mt. Ambrosi, alivikwa shela ya kuwekwa wakfu na Papa Liberio kule Roma.

Lakini mama msimulie habari za Mt. Makrina. Mchumba wake alifariki, akakataa kuposwa tena, akabaki na mama yake Emelia akimpikia mkate kwa mikono yake. Baadaye akamshawishi mama waishi na watumishi wao kama ndugu, meza moja, chakula kimoja. Nyumba yao kule Ponto (Uturuki ya leo) ikawa jumuiya ya wanawake. Makrina alifariki mwaka 379. Mimi humpenda sana huyu mtakatifu kwa sababu hakumwacha mama nyuma.

Mama Parokia:
Nakubali, ila tusisahau matatizo yaliyokuwepo. Wapo mabikira waliokaa nyumba moja na wanaume wakidai ni udugu tu, na Sipriani alilikemea jambo hilo. Mtaguso wa Nikea (mkutano mkuu wa maaskofu), 325, ukawakataza makleri, yaani maaskofu, mapadre na mashemasi, kukaa na mwanamke asiye mama, dada au shangazi. Ule wa Gangra, karne hiyohiyo ya 4, uliwalaani waliokimbilia ubikira kwa kuiona ndoa ni chukizo. Mchunguze kwa upole: anampenda Kristo, au anaogopa ndoa?

Mwanasheria wa Jimbo:
Njia ipo hadi leo. Kanuni ya 604 ya Sheria za Kanisa za 1983 inawatambua mabikira wanaowekwa wakfu na askofu wa jimbo, na inawaruhusu kuungana. Aanze kwa paroko, asijifungie nadhiri peke yake chumbani. Halafu kuna pesa. Sista akiugua au akizeeka, shirika linamtunza. Hawa mabinti kila mmoja atajitegemea. Bima wanazo? Mmoja akiondoka, kodi nani atalipa?

Mwanzisha uzi:
Asanteni sana. La kodi na bima hatukuligusa kabisa, nitamuuliza. Katekista, ukiwa na maisha ya Makrina kwa Kiswahili nielekeze, mama anapenda kusoma.