Naombeni ushauri: kufunga kompyuta ya mezani ndani ya kichwa cha semi

Foleni_Tunduma:
Wakuu, habari za muda huu. Nimekwama na nina wasiwasi, nisaidieni kabla sijaondoka na mzigo. Ni dereva wa semi, njia yangu ni Dar, Tunduma, Lusaka, Kasumbalesa. Kwenye foleni za mpakani nahariri video za watu na laptop imeshindwa kazi. Nimeamua kuweka kompyuta ya mezani, ile ya CPU ndefu yenye kadi ya grafiki, nyuma ya kiti cha utingo. Maswali ni mawili tu: monita ya inchi 24 naifungaje isipasuke, na vumbi nalizuiaje?

Seremala_wa_Chuma:
Mkuu, geuza monita uangalie mgongoni. Kuna matundu manne yaliyoachana milimita 75 au 100. Boliti zake kwa kawaida ni M4, na ziingie ndani milimita chache tu. Ndefu mno zinatoboa paneli. Tumia bapa la chuma la milimita 3 lililokazwa kwenye fremu ya kabati. Plastiki ya kebini haishiki kitu. Ule mkono unaokunjika usiuguse kabisa: matuta ya Mikumi yanalegeza viungo vyake, monita inaanza kupiga ukuta. Tena iwe ya kuchomoa. Gari likitembea, ilaze kitandani kioo kikiangalia godoro, uifunge mkanda.

Vumbi: feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazotoa, na zile za kuingiza uzivike kitambaa cha soksi ndefu za kike. Ukiruhusu zinazotoa zizidi, vumbi litaingia kwenye kila upenyo wa kesi.

Mama_Kibaha:
Mdogo wangu, mimi nitasema lisilokupendeza. Foleni ya mpakani ndiyo nafasi ya dereva kulala. Ukikesha na video Tunduma, usingizi utakudai mbele ya safari, na mwili haukopeshi. Jiwekee saa ya kuzima, uiheshimu.

Duka_la_Vipuri:
Achana na CPU ndefu. Chukua vile vidogo vya ofisini, Lenovo ThinkCentre Tiny au HP EliteDesk Mini, ukubwa wa kitabu kinene. Havina kadi nzito ya kuning'inia. Hiyo kadi yako inashikwa na skrubu moja au mbili na mdomo wa plastiki kwenye ubao mama. Kwa mtikisiko wa siku nzima sloti inaweza kupasuka. Kama hubadili mawazo, basi ing'oe kila safari, na lile pozeo refu la prosesa ubadilishe kwa fupi. Diski iwe SSD ya kukazwa kwa skrubu. Diski ya kuzunguka haivumilii mtikisiko wa semi.

Fundi_Waya:
Wote mmejibu vizuri ila hakuna aliyeuliza la kwanza. Foleni_Tunduma, umeme unautoa wapi?

Foleni_Tunduma:
Hilo limeshakwisha mkuu. Nina inveta ya wati 1000, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nimeijaribu na inawasha kila kitu. Tusaidiane kwenye monita na vumbi.

Fundi_Waya:
Inveta ya volti ngapi?

Foleni_Tunduma:
12. Ndiyo iliyokuwepo dukani na bei yake ilikuwa nzuri.

Kipimajoto:
Hapa nasimama. Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Kichwa cha Scania, Actros au Howo ni volti 24. Inveta ya 12 ukiipa 24 inazima palepale, au inaungua. Haiwezi "kuwasha kila kitu". Mtu anayelala ndani ya kichwa hawezi kukosa kujua hili. Hakuna picha, hakuna aina ya gari, na umeme anaukwepa. Wakuu, msipoteze muda.

Duka_la_Vipuri:
Hata mimi nimeshtuka. Mhusika atupe maelezo au uzi ufungwe.

Foleni_Tunduma:
Si chai. Sijaunganisha kwenye 24. Nimetoa kwenye betri moja tu, ile ambayo negativu yake iko bodi. Nikipima hapo napata 12.6. Waya nimeupeleka moja kwa moja mpaka kebini. Na altaneta si inachaji zote mbili pamoja? Sioni tatizo, na muuzaji harudishi hela.

Fundi_Waya:
Tatizo ni hapo hapo kwenye "pamoja". Betri zako zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo altaneta inazipa mkondo uleule na inaangalia jumla tu, kama volti 28. Haijui ipi ina njaa.

Chukua kompyuta yako na monita, tuseme wati 250. Ukihesabu na upotevu wa inveta, unavuta kama ampia 24 kutoka betri moja. Kwa muda wa saa 3 ni ampia-saa 72, yaani 72Ah. Kama betri ni ya 180Ah, umemaliza asilimia 40 yake, na mwenzake hajaguswa. Ukiwasha injini, ile iliyojaa inapanda kupita volti 15 na ile iliyochoka inabaki chini ya 13. Iliyojaa inachemka, maji yanakauka, inatoa gesi ya haidrojeni. Iliyochoka haijai tena, sahani zake zinaota salfa. Baada ya muda unanunua zote mbili.

Ushahidi utaupata kwa mita. Zima gari, acha litulie saa kadhaa, pima kila betri peke yake. Zikiachana zaidi ya volti 0.2, madhara yameshaanza.

Inayotakiwa ni inveta ya 24V, na iwe ya wimbi safi, yaani umeme wake upande na kushuka taratibu kama wa nyumbani. Zile za bei ya chini zinatoa wimbi la ngazi, na pawasapulai (kile kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta) nyingi za kisasa zinalikataa: zinavuma, zinapata moto, au kompyuta inajizima kazi ikikolea. Kwa 24V wati zako 250 ni kama ampia 12. Usishushe betri ya kuwashia gari zaidi ya asilimia 30, yaani 54Ah, ambazo ni kama saa 4 na nusu za kazi. Usitegemee inveta ijikate yenyewe, maana nyingi zinakata kwenye volti 21 na hapo gari haliwaki. Weka kikata umeme kinachokata mapema kabla ya kufika huko. Na kompyuta izimwe kila unapopiga stata, kwa sababu volti zinaanguka ghafla.

Mangi_Barabara:
Fundi amemaliza. Mimi nina swali jingine. Umesema waya umetoka moja kwa moja kwenye betri. Kichwa hicho kinavuta nini?

Foleni_Tunduma:
Mzigo wa kawaida tu wa transiti.

Mangi_Barabara:
Kawaida ni nini? Makontena, simenti, nini?

Foleni_Tunduma:
Tangi. Petroli. Lakini inveta iko ndani ya kebini, tangi liko nyuma huko. Na nikiwa napakia naizima.

Kipimajoto:
Basi nafuta neno langu la chai. Hili ni zito kuliko nilivyodhani.

Fundi_Waya:
Ndugu yangu, soma hili polepole. Gari la mafuta lina swichi kuu ya betri ili ikizimwa pasiwe na waya wenye umeme unaozunguka kwenye chasisi. Wewe waya wako umeanzia kabla ya swichi. Ghala zima la mafuta linaamini gari lako limekufa umeme, kumbe una waya hai, na sijasikia ukitaja fyuzi. Ukisuguana na chasisi mpaka ganda litoboke, betri inamwaga mamia ya ampia hapo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa chini, palepale waya unapopita. Kuzima kitufe cha inveta hakuugusi waya huo.

Kwenye tangi, usichimbe njia mpya ya umeme. Chukua ushauri wa Duka_la_Vipuri: kompyuta ndogo inayotumia chaja ya wati 65 au 90. Tumia chaja ya gari iliyotengenezwa kwa magari ya volti 24, inayostahimili zile 28 za altaneta, na inayotambulika na kompyuta yako, kwa sababu HP, Dell na Lenovo zinatambua chaja zao. Dell isipoitambua inapunguza kasi ya prosesa. Ichomeke kwenye soketi ya 24V iliyopo kebini, baada ya kuhakikisha inakufa swichi kuu ikizimwa. Kwa video, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 yenye grafiki zake za ndani na RAM ya GB 16 inatosha, ukihariri kwa nakala nyepesi kisha ukatoa ile kubwa mwishoni. Ghalani chomoa kila kitu.

Foleni_Tunduma:
Nimeelewa. Waya nimeutoa kwenye betri sasa hivi. Monita yangu imeandikwa 19V 2.1A. Nayo itakula kwenye soketi hiyohiyo?

Fundi_Waya:
Hiyo ni wati 40. Jumla na kompyuta ni 130, kama ampia 6 kwa 24V. Soma fyuzi ya soketi: ikiwa 10, inabeba. Monita ipe konveta yake, kifaa cha kushusha 24V kuwa 19V, na upime ncha ya katikati kwa mita kama ni chanya, ilingane na mchoro ulio nyuma ya monita, kabla hujachomeka. Na ule waya usiuache unaning'inia kwenye chasisi. Uvute wote utoke.