Nifanyeje joka liwe kiini cha kampeni nzima, si adui wa kikao cha mwisho tu?

Msimulizi wa Uyole:

Habari za jioni, wakuu. Hapa Mbeya tuko sita, wachezaji watano pamoja nami niliye msimulizi, na kila Jumamosi jioni tunakutana sebuleni kwangu kucheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa kurusha dadu) kwa kanuni za toleo la 5, lile la mwaka 2014. Kampeni iliyopita, yaani hadithi moja ndefu ya vikao vingi, ilichukua miezi minane, na muda wote huo niliwaahidi wenzangu kwamba mwisho wa safari wangekutana na joka jekundu. Walikutana nalo wahusika wao wakiwa ngazi ya 7 ya uwezo. Lilikuwa joka kijana lenye pointi 178 za uhai, nami nililiweka katikati ya pango likiwa limekalia dhahabu yake. Likatema moto mara moja, likashambuliwa kutoka pande zote, na kufikia mzunguko wa tatu lilikuwa limekufa. Mchezaji mmoja aliniuliza, bila kejeli yoyote, kama kulikuwa na jingine lililojificha nyuma.

Safari hii nataka joka liwepo tangu kikao cha kwanza. Nimefikiria kuliweka katika Ziwa Ngosi, kwa kuwa sote tumewahi kupanda kule Uporoto na tunaujua ule msitu unaoshuka ghafla kutoka ukingoni mwa kasoko hadi majini. Tatizo ni kwamba nikilitoa mapema litawamaliza wote, na nikilificha litarudi kuwa lile lile la mwisho. Nianzie wapi?

Binti wa Gangilonga:

Ndugu Msimulizi, pole kwa msiba wa joka. Kwa maoni yangu hitilafu haikuwa kwenye pointi za uhai. Joka lako halikuwa na shughuli na mtu yeyote. Lilikaa pangoni likingoja kuuawa. Wahenga walisema joka la mdimu hulinda watundao, na ukiitafakari methali hiyo utaona kwamba joka huwa na nguvu kwa sababu limekalia kitu ambacho watu wanakihitaji kila siku. Dhahabu ya pangoni haimuumizi mkulima yeyote. Kwa hiyo tafuta kwanza mdimu wako, halafu ndipo ulipime joka.

Mimi huku Iringa nilitumia viazi. Kikao cha kwanza kilianza sokoni, ambako mzee mmoja alikuwa akihesabu magunia yanayoshushwa, na kila gunia la kumi akilisogeza kando bila kusema neno. Wachezaji walipomuuliza ni la nani, aliinua macho akatazama mlimani, kisha akaendelea kuhesabu. Gunia hilo la kumi lilipaswa kuwa lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, maana hata joka la nyanda za juu linajua kudai lumbesa. Vilipita vikao sita kabla mtu yeyote hajaona hata gamba moja, lakini hakuna kikao ambacho jina la joka halikutajwa mezani.

Jambo jingine: achana na jekundu. Najua sote tumelelewa na lile joka kubwa jekundu la Ufunuo, lakini kwa ziwa lililozungukwa na msitu, la kijani ndilo lenye kufaa. Linaishi misituni, linapumua majini na nchi kavu, na hupenda kumpotosha mtu kwa maneno kuliko kumla. Joka linalozungumza unaweza kulileta mapema bila kumuua mchezaji hata mmoja.

Mzee wa Dadu:

Namuunga mkono dada hapo juu, nami naongeza machache kutoka Tukuyu. Pumzi ya joka la kijani ni sumu, na sisi wa Rungwe hatuhitaji kubuni sana: ardhi yetu ya volkano hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi katika sehemu kadhaa, na kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni. Waonyeshe wachezaji wako bonde ambalo asubuhi ndege wamelala chini wakiwa wamekufa, bila jeraha wala tone la damu. Usieleze chochote. Waache wabishane wenyewe kama ni ardhi au ni joka limepita.

Kuhusu pambano, kumbuka kwamba wachezaji watano hupata zamu tano kwa zamu moja ya joka, hivyo joka linalokaa chini limekwisha. Joka kijana la kijani lina pointi 136 za uhai, pungufu ya lile lako, lakini linaruka futi 80 kwa zamu na linatema sumu hadi umbali wa futi 30. Likishatema lipae, na lisishuke tena mpaka dadu la pande 6 litoe 5 au 6, kwa sababu ndipo pumzi inaporudi. Likipoteza nusu ya uhai wake, litoroke. Joka lenye akili halifi kwa ajili ya heshima, na wachezaji watalichukia zaidi likiwa hai.

Mwana wa Kitulo:

Nina angalizo moja tu. Wapo wenyeji wanaoheshimu maziwa na milima yetu kwa sababu ya matambiko, na huenda mmoja wao ni babu wa mchezaji wako. Tumia umbo la Ngosi, lakini libatize ziwa jina jingine.

Msimulizi wa Uyole:

Asanteni sana, wakuu. Jina nimebadilisha, na joka limekuwa la kijani. Mdimu wangu utakuwa maji: ziwa lile halina mto unaoonekana ukitoka, kwa hiyo vijiji vya chini vitaamini kwamba chemchemi zao hububujika kwa hisani ya joka, na mimi sitawaambia wachezaji kama ni kweli. Lile la magunia naomba ruhusa niliibe, dada. Nimeshanunua viazi vya kuweka mezani Jumamosi, na mke wangu ameshauliza kama tutavikaanga mchezo ukiisha.