Naomba ushauri: mwanangu anamwita baba yake "papa", kwetu Tanga hawataki

Binti wa Chumbageni:
Habari za jioni wakuu. Mimi mtu wa Tanga, mume wangu Mkongo wa Bukavu, tunaishi Dar. Mtoto ana miaka minne na anamwita baba yake "papa", kama kwao. Ijumaa iliyopita tulikuwa Tanga, mume kasafiri. Mjomba karudi sokoni na kikapu, anaingia tu: "Leo tunakula papa wa nazi!" Mtoto alilia mpaka akatapika. "Wamemkata papa!"

Tangu siku hiyo mama anataka mtoto aseme "baba" kama watoto wengine. Kaka yangu naye kamwagia petroli: eti hilo neno la Mbelgiji, tunaendeleza ukoloni. Nilipomweleza mume kwa simu alinyamaza muda mrefu. Nimekaa katikati. Hili neno hasa ni la nani, na nifanyeje?

Nahodha Mstaafu:
Pole dada, ila nimecheka. Sisi Mafia hata potwe, yule mkubwa mwenye madoa, ni papa, na hana habari na mtu, chakula chake vijidudu vya baharini. Mwambie mtoto mapapa wapo wawili, mmoja ana mapezi. Ataelewa kabla ya bibi yake.

Mzee wa Kamusi:
Kaka yako kapatia nusu. Wakongo wamelitoa kwenye Kifaransa, sawa, lakini Wafaransa nao hawakukaa chini wakalitunga. Mtoto mchanga anapoanza kubwabwaja, sauti za midomo ndizo nyepesi kwake: ma, pa, ba. Mzazi akisikia anadhani kaitwa, anaitika, na neno limeshazaliwa. Mwanaisimu Roman Jakobson aliliandikia hili makala miaka ya mwisho ya 1950. Kwa hiyo "baba" yetu na "papa" yao yanafanana bila mmoja kuazima kwa mwenzake.

Ila msifanye sheria. Georgia, kule Kaukazi, "mama" ndiye baba, na mama mzazi ni "deda". Kwa Warusi "baba" ni mwanamke, tena si kwa heshima sana. Kaka yako aende Moscow akajitambulishe "mimi baba Juma".

Papa wa Roma naye katokea humohumo: Kigiriki "pappas", mtoto akimwita baba yake, likaingia Kilatini. Askofu wa Alexandria pia huitwa hivyo.

Kiazi Mviringo:
Subirini Kihispania. "El papa" ni yule wa Roma, "papá" ukikazia mwisho ni baba, "la papa" ni kiazi! Hicho kiazi hakina undugu na baba yeyote, ni neno la Kikechua, lugha ya milima ya Andes kilikotoka kiazi chenyewe. Amerika ya Kusini wanasema papa mpaka leo. Sehemu kubwa ya Hispania wanasema "patata", papa iliyogongana na "batata", kiazi kitamu cha visiwa vya Karibi. Na batata hiyo, kwa mkono wa Wareno, ndiyo mbatata ya bibi zetu huku pwani. Mama yako anayelinda Kiswahili muulize leo kapika nini.

Dagaa Mchele:
Mmesahau mapapa wa magazetini. Hao hawaliwi wala hawakamatwi, tunakamatwa sisi.

Mama Furaha, Goma:
Dada, mmeenda mbali sana na kamusi. Huku kwetu papa si mzazi tu, mwanaume yeyote mzima unamwita papa, na hata katoto ka kiume ukikabembeleza unakaita papa. Ni heshima na ni mapenzi. Bwana wako hagombei neno, anaona mnamkataa yeye. Mama yako amwite "papa" mara moja tu kwenye simu, utaona atakavyoletewa vitenge.

Binti wa Chumbageni:
Asanteni wote. Nimemsomea mama. Ya Georgia kasema ni mbali, hayamhusu. Ya mbatata imemkera, maana jana alipika mbatata kweli. Ya vitenge kaniambia nirudie kusoma.

Tumekubaliana hivi: mtoto akiwa Tanga anapikiwa changu. Kumwita mkwewe papa bado anaona aibu, kasema atajaribu Idi.

Nahodha, ushauri wako nilishautumia. Jana usiku mtoto kampigia baba yake na swali la kwanza lilikuwa, "Papa, mapezi yako yako wapi?" Mume ananiuliza ni nani anamfundisha mtoto mambo haya.