Mashua kutoka Lamu hadi Kiwayu: redio, GPS au kifaa cha setilaiti, kipi kitangulie?

Mtu wa Mkomani
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mashua ya mita 9, injini ya nje, watu 6, siku 4: mfereji wa Mkanda, Faza, Ndau, Kiwayu. Kuna sehemu mtandao haushiki kabisa. Dira ipo na nahodha anajua maji. Fedha za kununua vyote hazipo. Tuanze na nini, na je, redio ya mkononi inatosha?

Fundi Langoni
Waaleikum salaam. Redio ya VHF ya mkononi haitazungumza na Lamu ukiwa Kiwayu, iwe ya bei gani. Mawimbi yake yanakwenda karibu moja kwa moja, hayafuati mgongo wa bahari. Piga hesabu: kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Antena iliyo mita 1.5 juu ya maji inafika kilomita 5, na redio mbili za namna hiyo zinasikilizana kwa kilomita 10. Kiwayu na Lamu ni kama 50. Ipandishe antena hadi mita 9 mlingotini, unapata 12, jumlisha 5 za mwenzako, 17. Kimo kinashinda wati.

Hata hivyo inunue, kwa sababu wa kwanza kukufikia ni chombo kilicho karibu. Chaneli 16 ni ya kuitana na dharura. Mkishaitikiana hamieni nyingine. Leseni inatoka Mamlaka ya Mawasiliano.

Bahari Shela
Naheshimu hesabu ya fundi, lakini kwa safari hii naweka setilaiti mbele. Kifaa cha ujumbe kinachotumia Iridium kinahudumiwa na setilaiti 66 zinazozunguka dunia nzima, kwa hiyo Kiwayu ni sawa na Mombasa. Sharti kione mbingu: kikiwa mfukoni au chini ya turubai ujumbe unakawia. Malipo ya mwezi yawe hai, na kabla ya kung'oa nanga tuma ujumbe wa majaribio *mpaka ujibiwe*. Kuandikiwa "umetumwa" hakutoshi.

PLB, yaani kifaa kidogo cha mkononi cha kuita uokoaji kupitia setilaiti, haina malipo ya mwezi, ila inaita tu, huwezi kueleza una shida gani. Lazima isajiliwe na betri isiwe imepitwa na tarehe. Ukiuziwa ya zamani ya 121.5 MHz peke yake, iache: setilaiti ziliacha kusikiliza mawimbi hayo tarehe 1 Februari 2009. Inayotakiwa ni ya 406 MHz.

Na mwachieni mtu wa nchi kavu karatasi: majina, rangi ya mashua, njia, saa ya kila ujumbe, na akikosa ujumbe kwa saa ngapi apigie kituo cha uokoaji baharini, RMRCC Mombasa.

Mwana wa Faza
GPS msinunue, tayari iko ndani ya simu zenu. Inafanya kazi bila mtandao, mradi ramani imepakuliwa mapema. Zima utafutaji wa mtandao, kwani huo ndio unaokula betri. Pawabenki ya 20,000 mAh inajaza simu ya 5,000 mara 3 hivi, si mara 4. Tundu la kuchajia likilowa chumvi, suuza kwa maji matamu, likauke kabisa, ndipo uchomeke.

Hatari iko kwenye kina. Njia uliyoihifadhi maji yakiwa yamejaa, ukiifuata maji yakipwa itakupandisha fungu, hasa Mkanda wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Skrini haijui maji yako wapi. Upondo na bildi, kamba ya kupimia kina, vibaki mkononi.

Halafu nambari za mahali. Lamu ni nyuzi 2 dakika 16 *Kusini*. Ukiandika Kaskazini, ramani inakupeleka nchi kavu huko upande wa El Wak. Na dakika 16.5 ni dakika 16 na sekunde 30. Ukisoma sekunde 50, umemtuma mwokoaji mita 600 pembeni, na usiku kwenye mikoko hizo ni nyingi mno.

Mtu wa Mkomani
Mungu awabariki. Tumepata pia redio ya kufunga, wati 25, imetumika. Kusikiliza inasikiliza vizuri. Ukibonyeza kusema inazimika. Imekufa?

Fundi Langoni
Pima kwanza waya. Ikisikiliza inakula chini ya ampea 1, ikisema inataka 5 hadi 6. Waya wa 1.5 mm², mita 10 kwenda na 10 kurudi, unapoteza zaidi ya volti 1 hapo, redio inakata. Weka wa 4 mm², moja kwa moja kutoka betri, fyuzi ya ampea 10 karibu na betri.

Ukimaliza, fungua kiungio cha antena. Ukiona kutu ya kijani, kata waya kidogo kidogo. Nyuzi za shaba zikiwa nyeusi endelea kukata hadi ufike zinazong'aa, kisha funga kiungio kipya na uzungushie utepe wa mpira unaojigandisha. Waya mwembamba wa antena, RG-58, wa mita 10 unameza karibu theluthi ya nguvu. Ule mnene wa RG-213 ni bora. Spika ya redio ikae mita 1 mbali na dira, sumaku yake inaivuta.