Je, kuwazia kunusurika porini kunasaidia kukumbuka maneno?

Mwalimu wa Zamu
Wanajamvi, nawasalimu. Ninafundisha kidato cha pili, na juma lililopita niliandika ubaoni maneno 30 ya kawaida, kama vile kamba, ndoo, godoro na piano, kisha nikaligawa darasa. Upande mmoja ulikadiria, kuanzia 1 hadi 5, jinsi kila kitu kingemfaa mtu aliyepotea mbugani bila chakula wala maji. Upande wa pili ulikadiria tu jinsi kila neno linavyopendeza. Mwishoni mwa kipindi, baada ya kushughulika na mambo mengine, niliwataka ghafla waandike maneno yote wanayoyakumbuka. Wa mbugani waliwaacha wenzao mbali. Binti mmoja aliikumbuka hata piano, kwa maelezo kwamba alikuwa ameshaipasua kuni akilini mwake na kuzifanya nyaya zake mitego ya sungura. Je, nimebahatisha, au jambo hili lina msingi?

Mdadisi
Hukubahatisha, Mwalimu. Jaribio lako linakaribia sana lile lililochapishwa mwaka 2007 na James Nairne, Sarah Thompson na Josefa Pandeirada wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Washiriki wao walijiwazia wamekwama katika mbuga za nchi ya kigeni, wakihitaji kujitafutia chakula na maji kwa miezi kadhaa na kujikinga na wanyama wakali. Wengine waliwazia kuhamia ugenini, na wengine walikadiria uzuri wa neno kama wanafunzi wako. Hakuna aliyeambiwa kwamba angeulizwa maneno hayo baadaye, na waliowazia kunusurika ndio walioongoza. Mwaka uliofuata watafiti hao waliishindanisha mbinu hiyo na zile zinazosifiwa siku zote, ikiwamo kujenga picha akilini na kulihusisha neno na maisha yako mwenyewe, nazo zikaachwa nyuma. Wao wanaeleza kwamba kumbukumbu ya binadamu ilichongwa na mahitaji ya mababu waliowinda na kuchuma matunda ya porini, hivyo hushika kwa nguvu kile kinachogusa uhai.

Mzee wa Hoja
Matokeo nayakubali, habari ya mababu ndiyo inayonitatiza. Mwaka 2011 Nicholas Soderstrom na David McCabe waliwaondoa wanyama wakali katika kisa hicho na kuweka mazombi, ambao hakuna babu aliyewahi kukutana nao, na kumbukumbu haikupungua. Mwaka huohuo Meike Kroneisen na Edgar Erdfelder, nchini Ujerumani, walikipunguza kisa hadi kikabaki na tatizo moja tu, ukosefu wa maji ya kunywa, na faida ikatoweka. Kiu inaua, lakini peke yake haikutosha. Kwa maoni yangu jibu analo yule binti wa piano: anayewaza chakula, moto na ulinzi kwa pamoja hulazimika kukitafutia kila kitu matumizi kadhaa, na kila tumizi huwa njia nyingine ya kulifikia neno baadaye. (Mimi nimekulia kando ya mbuga, na nakiri kwamba kisa hicho kwangu kinafanana zaidi na kuchunga ng'ombe kuliko na janga.)

Karani
Shikamoo Mzee. Naomba kuongeza jambo moja. Henry Otgaar na Tom Smeets walionyesha mwaka 2010 kwamba mbinu hiyohiyo huongeza pia kumbukumbu za uongo: mtu hukumbuka neno linalokaribiana kimaana na yaliyomo katika orodha, ilhali lenyewe halikuwamo. Mwalimu, ulihesabu maneno sahihi peke yake, au uliyatazama na yaliyozidi?

Mwalimu wa Zamu
Sikuyatazama. Nimezipekua karatasi jioni hii: katika kundi la mbugani, wanane wameandika "kisu" na watatu "kiberiti", maneno ambayo sikuyaandika ubaoni. Upande wa pili "kisu" nimekiona mara moja tu. Binti wa piano naye yumo katika wale wanane.